Nyumba za Korongoni na Koti la Ogada

Crystal, Minnesota,
Marekani.
12 Oktoba 2025

Mpendwa Kemunto, nyar Kisii, binti wa Wakisii,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi mahali penye kivuli, na chai iko karibu. Je, goti linaendeleaje? Bado linakuamsha kabla ya jogoo? Na watoto je, wamerudi shuleni wote? Migomba yako ya kando ya kisima ilisimama baada ya ule upepo, au ilibidi uwape ng'ombe? Nataka majibu kamili, si yale ya kwenye simu ya "sisi wazima, hofu kwenu."

Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kwa sababu ya kuwainua wazee kazini, lakini hata mimi huwa nalalamika, kwa hiyo tunaelewana. Binti yangu Apondi hajambo. Anakusalimia sana wewe mama yake mdogo, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nami nimekutafsiria.

Huku baridi imeanza kubisha hodi. Asubuhi kioo cha gari kinakuwa na ukoko mweupe kama wa sufuria ya wali, lazima ukwangue ndipo uende kazini. Majirani wameshapanga maboga milangoni, na hawayapiki. Nimewauliza, wakacheka.

Unajua sipendi kuandika barua. Naandika hii kwa sababu tukizungumza kwa simu, Ogada anapita, watoto wanapita, na wewe unaanza kunijibu "ehe" na "ehe." Barua utaisoma jikoni ukiwa peke yako. Ukimaliza, mpe mumeo naye aisome. Hakuna ninachomficha shemeji yangu.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. Kwamba Ogada aliiona ile picha yangu kwenye kundi la familia, nimesimama ndani ya nyumba za mawe za watu wa kale. Kwamba aliwaonyesha wazee, nao wakakaa na kusema mjane ambaye hajarithiwa ameingia gunda, mahame ya watu asiowajua, na sasa ameiletea familia chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Kwamba ng'ombe wa Ogada ametupa mimba, na kila mtu ameshajua ni kwa nini. Na kwamba dawa ipo, tena nyepesi: nikija Desemba, Ogada atundike koti lake ndani ya nyumba yangu ya huko, ile inayovuja, usiku mmoja, basi, nihesabiwe nimerithiwa na ndugu wa marehemu. Hapo ndipo fundi ataruhusiwa kupanda juu ya paa. Nisipokubali, hakuna atakayegusa hata bati moja, nyumba itaachwa ianguke, na uwanja wake uwe malisho.

Jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa juu ili usilitafute hadi mwisho wa barua. Koti la Ogada halitaingia nyumbani mwangu, si usiku mmoja, si dakika moja, hata likija likikimbia mvua.

Kuhusu ng'ombe, mpe Ogada pole zangu za kweli, maana ng'ombe yule alikuwa mzuri. Lakini ng'ombe hana simu. Hakuiona picha.

Sasa nikueleze safari yenyewe, kwa sababu mmeihukumu picha na safari hamjaisikia.

Apondi anasomea mambo ya kale katika chuo cha hapa. Mwaka jana walimu wake waliwapeleka jimbo la Utah, jangwani kabisa, kuona magofu ya Wapueblo, watu waliojenga nyumba za mawe ndani ya makorongo karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Aliporudi hakuwa na habari nyingine. Nikimwuliza kama amekula, ananijibu kuhusu kuta. Mwishowe akasema ni lazima twende wote, nikaone alichokiona. Nilikubali kwa sababu Obuya angekubali. Unamkumbuka marehemu alivyokuwa. Ukimwambia kuna kitu nyuma ya kilima, tayari anavaa viatu.

Tulikwenda Septemba, mimi, Apondi na Wairimu. Wairimu ni yule Mkikuyu niliyekuambia, tunafanya naye kazi ya kuwatunza wazee kule Golden Valley. Yeye ndiye aliyeshika usukani sehemu kubwa, maana anasema mimi naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tulipita Iowa na Nebraska, mahindi upande huu na mahindi upande ule, hadi tukachoka kuona chakula. Kisha milima ya Colorado. Kisha dunia ikawa nyekundu na kavu, haina nyumba, haina mtu, haina hata mbuzi. Wairimu akazima gari mwisho wa barabara ya vumbi, akatazama kule chini korongoni, akasema, "Philister, hawa watu wako walikuwa wana-hide nani huku?"

Mle huendi peke yako. Tulipokewa na mama mmoja wa makamo, yeye mwenyewe Mpueblo, kizazi cha waliojenga, na kazi yake ni kuongoza wageni. Kabla hatujashuka alitoa kifuko, akachota unga wa mahindi kwa ncha za vidole, akaurusha kidogo hewani na kusema maneno kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayefika kwa wenyewe asubuhi na hajui kama wameamka. Kisha akatupa masharti. Tusiegemee ukuta. Tusichukue kitu, hata kigae. Tusipige kelele. Na kile chumba cha duara kilichochimbwa chini tusikikaribie wala kukipiga picha, maana ni cha ibada. Nikamwambia Apondi kwa Kijaluo kwamba huyu angekuwa mama mkwe wa kuogopwa.

Njia ilikuwa ndefu. Chini ya korongo ni mchanga unaoingia viatuni, na mwamba mwekundu umesimama pande zote mbili hadi shingo inauma kuutazama. Kuna miti mifupi iliyopindapinda, ukipita karibu unasikia harufu ya penseli iliyochongwa. Maji tulibeba mgongoni. Jua lilinipiga kisogoni nikamlaumu Obuya njia nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyenialika.

Tukakunja kona, na nyumba zikawa pale.

Ziko juu kidogo, ndani ya pango pana mahali ambapo mvua haifiki. Zimeshikana bega kwa bega, mawe yamepangwa na kuzibwa kwa udongo, milango ni midogo ya kuinama, na boriti bado zimetokeza nje ya kuta. Nyingine ni za ghorofa. Paa nyingi zimeanguka, lakini kuta zimesimama. Miaka mia saba na zaidi, anasema Apondi.

Niliusogelea ukuta, mikono nimeifunga nyuma kama tulivyoagizwa. Katikati ya mawe, kwenye udongo, kuna alama za vidole. Mtu alikandika pale kwa mkono, akasukuma udongo kwa kidole gumba, ukakauka hivyo hivyo. Ni vidole vidogo. Mama yule alisema kwao kukandika kulikuwa kazi ya wanawake.

Nilikukumbuka papo hapo. Nilikumbuka mwaka ule ulipoolewa, ukaletwa unisaidie kukandika nyumba yangu. Ulikuwa hujui Kijaluo hata neno moja, na mimi Kikisii sijui, tukachekana kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, udongo na samadi hadi kwenye nywele. Wazee waliohukumu picha yangu hawakuubeba udongo ule. Wewe uliubeba. Ukuta wa jikoni bado una vidole vyako, chini ya dirisha. Nenda ukavitazame.

Kulikuwa na magunzi ya mahindi pia, madogo kama kidole, na jiwe la kusagia lililolika katikati kama lile la marehemu mama mkwe wetu. Nilikuwa nimetishwa tangu utoto kwamba mahame yana vitu vya kutisha ndani. Nilichokikuta ni jikoni.

Mama yule akatuonyesha chumba kimoja ambacho wageni wanaruhusiwa kuingia. Apondi akajikunja, akaingia. Wairimu akakwama kidogo kiunoni, akaingia. Mimi nikafika mlangoni, miguu ikakataa.

Wewe unajua kwa nini, lakini kuna jambo sijawahi kukuambia. Tangu tumzike Obuya na mimi nikarudi huku bila kurithiwa, nimekuwa mtu wa nje. Mwaka ule wa kwanza nilialikwa kwa Wajaluo wenzetu wa huku, Brooklyn Park, kumwona mtoto mchanga. Nilifika na nepi na mandazi. Mama wa nyumba akanipokea vizuri sana mlangoni, akaniambia, "Nyar Kadem, ngoja hapa kidogo, ndani kumejaa." Nikaletewa kiti kwenye gereji. Nikaletewa samaki na ugali pale pale, kati ya matairi na koleo la theluji. Mlango ulipofunguka niliona makochi matupu. Nilimla samaki mzima, Kemunto, hata kichwa, wasije wakasema nimelia.

Kilichofuata kinaniuma zaidi, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Sikungoja tena kuzuiwa. Nikialikwa mahali, nabaki garini nasema nina simu ya kazini. Nikimpelekea mgonjwa uji, naacha kizingitini. Huku ambako hakuna mzee wa kunitoza faini, nimejitoza mwenyewe miaka mitatu. Nyumba nilizoingia ni yangu, na ya Wairimu ambaye hajali habari hizo, na makao ya wazee, maana mzee akianguka hakuulizi kama umerithiwa.

Basi nimesimama mbele ya mlango wa watu waliokufa zamani, naona aibu kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Mama yule akaniuliza kama naogopa nyoka. Nikamwambia hapana, mimi ni mjane, na kwetu mjane kama mimi haingii nyumba za watu. Hakucheka. Akasema naye ni mjane. Akasema kwa watu wake nyumba ni ya mwanamke. Mume akifa, mke yuko kwake, na hakuna anayekuja kumwuliza kitu. Kisha akaniambia waliojenga pale ni bibi zake, na yeye kama mjukuu amenikaribisha, niingie au nisiingie, lakini nisimame kivulini kwa sababu uso umeshakuwa mwekundu. Nilicheka, maana uso wangu na wekundu ni mbali na mbali.

Nikainama nikaingia.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Dari ilikuwa nyeusi kwa masizi ya moto uliozimwa na watu ambao hawakujua kama Migori iko duniani. Nilisimama katikati na nikalia. Usidhani ni huzuni. Ilikuwa hasira, Kemunto, hasira safi, kwa ajili ya samaki yule wa gerejini na kila kizingiti nilichoacha uji. Apondi akashtuka, "Mum, uko okay?" Nikamwambia niko sawa, nipige picha. Hiyo ndiyo picha mliyoiona. Nasikia wazee walisema nacheka ndani ya mahame. Wavae miwani watazame tena, macho yana machozi.

Kando ya mlango, ukutani, kuna kigingi cha mti kilichopachikwa kati ya mawe. Kimelainika kwa kushikwashikwa. Niliuliza kilikuwa cha nini. Mama yule akasema hakuna ajuaye kwa hakika, labda kikapu, labda nguo. Wakati huo ujumbe wenu wa koti ulikuwa haujanifikia, lakini ulipofika nilikikumbuka kigingi kile. Aliyekipachika alitundika kitu chake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tulipopumzika, Wairimu akauliza swali ambalo nadhani kila mgeni huuliza: hawa watu walipotelea wapi? Mama yule ndipo akacheka. Alisema hawakupotea. Walihama, ukame ulikuwepo na mambo mengine, wakaenda kusini, na wako huko hadi leo wanalima mahindi. "Hapa bado ni kwetu," akasema. "Nyinyi ndio mnaopaita magofu."

Unajua nilimkumbuka nani. Kabla wewe hujaja kwetu, Obuya alinipeleka Thimlich, zile kuta za mawe ambazo mimi nyar Kadem nilikulia karibu nazo na sikuwahi kuzikanyaga kwa woga. Jiwe juu ya jiwe, ndefu kuliko mtu, bila saruji, bila hata udongo, na zimesimama. Nikamwambia hili ni gunda, tuondoke. Akasema gunda ni mahali ambapo hakuna anayepakumbuka, kisha akaketi chini na kuomba chapati tulizobeba. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Usije ukafikiri nimepandwa na kichaa cha ng'ambo nikatupa miiko yote. Kile chumba cha duara tulichokatazwa sikukikaribia, hata shingo sikugeuza. Miiko ya yule mama inailinda nyumba. Sasa nitajie mwiko mmoja, kati ya hiyo ya wazee wetu, unaoilinda yangu. Bati linavuja juu ya kitanda, wanasema lisiguswe. Ukuta wa mbele unabomoka, wanasema tungoje koti. Wanangoja nyumba ianguke, ndipo waseme, mnaona, si tuliwaambia ni gunda? Leo koti, kesho kitanda, keshokutwa shamba. Tumeyaona mimi na wewe kwa yule mjane jirani yetu. Alikubali koti. Leo anaishi kwa dada yake kule Awendo, na mahindi ya uwanja wake yanavunwa na mtu mwingine.

Na wawili kati ya wazee hao hukaa benchi la mbele kanisani kila Sabato. Wafungue Biblia zao pale palipoandikwa kuhusu wajane. Si mahali pamoja, watapakuta tu.

Nikuambie nilichofanya tuliporudi. Wenye ile gereji walikuwa na maombi nyumbani, wakanialika kwa adabu, wakijua nitabaki garini. Nikaegesha. Nikaipita gereji. Nikapiga hodi, nikaingia, nikaketi kwenye kochi, lile lile tupu. Mama mmoja akahama, akaketi mbali. Mwingine, mzee kuliko sote, akaniletea chai na kuketi mahali pa yule aliyehama. Niliimba nyimbo zote. Hakuna aliyekufa, na mtoto yule ambaye sikuruhusiwa kumwona sasa anakimbia. Alikuja akanipandia mapajani na kunimwagia chai.

Sasa jambo la mimi na wewe. Ujumbe ulitoka kwenye simu yako, lakini maneno hayakuwa yako. Hujawahi kuniita "mjane wa marehemu" tangu tujuane. Sitauliza nani alisimama nyuma yako ukiandika. Wanakuambia ni koti tu. Je, koti la mumeo likilala kwangu, wewe utalala usingizi gani usiku huo? Na mimi nitakutazamaje asubuhi tukikutana kisimani? Sisi tuliolewa na ndugu wawili, kila mmoja na wake. Wangu amelala kaburini, kulia mwa mlango wangu. Wako abaki kwako, na koti lake, na kukoroma kwake.

Ogada si mtu mbaya, nami nitamtetea kwa yeyote. Alimchimbia kaka yake kaburi na akakataa kupokewa sepetu hadi mwisho. Hilo sitalisahau. Anaogopa, hilo tu. Anaogopa wazee, na anaogopa kwamba kijana wenu Odoyo hataruhusiwa kujenga kabla nyumba ya kaka mkubwa haijatengenezwa. Mwambie asihangaike. Nyumba ya mkubwa itatengenezwa. Na mkubwa aliyebaki katika nyumba hiyo ni mimi.

Nitafika Desemba pamoja na Apondi. Fundi nimeshampata, ni mtu wa kwenu, wa Tabaka, aliyezaliwa kati ya mawe. Nilimweleza habari ya chira, akasema chira ya Wajaluo haina namba yake ya simu. Atashusha mabati yote ya zamani. Ukuta wa mbele ataupandisha kwa mawe ya kilima chetu wenyewe. Ukuta wa jikoni nimemkataza kuugusa, ule wenye vidole vyako.

Usiku wa kwanza nitalala humo ndani, hata kama paa itakuwa nyota. Obuya akiwa na neno, yuko pale pale, atasema. Wazee wakitaka kunizuia langoni, waje mchana, waje wote, waniambie mbele ya kaburi lake kwamba mke wake hana nyumba. Nitawakaribisha viti. Nitawakaribisha hata ndani, kwa sababu mimi simlazi mgeni gerejini.

Nakuomba jambo moja tu: siku hiyo usiwe jikoni kwako. Njoo usimame nami. Nikiwa na wewe kando, nyar Kisii, nitawakabili hao wote na mabenchi yao. Usipoweza, nitawakabili vilevile, lakini nitaumia.

Mwisho ni habari ya koti. Nimelifikiria sana na nimeona wazee wana haki katika jambo moja. Nyumba ile imekaa muda mrefu mno bila nguo ya mwenyewe ukutani. Basi Wanjohi, mume wa Wairimu, anasafiri kwenda Nairobi, na atakutumia mzigo kwa basi hadi Migori. Ukifungua utakuta koti langu la baridi, lile jekundu zito linalopita magoti. Obuya alinivalisha mwaka tuliofika huku, nilipokuwa nalia kwenye kituo cha basi kwa baridi ambayo hakuna aliyenionya juu yake. Nimelivaa kila mwaka tangu siku hiyo. Mwaka huu nitanunua jingine.

Ufunguo unao. Nenda mchana, watu wakuone. Nyuma ya mlango, upande wa kushoto, kuna msumari ambao Obuya alikuwa akitundikia koti lake la mvua. Tundika hilo jekundu hapo, ufunge vifungo vyote hadi cha shingoni. Mfuko wa kulia usiusahau, nimekuwekea dawa ya kuchua goti. Atakayekuuliza, mwambie nyumba hii ilitakiwa iwe na koti, na sasa inalo.

Nisalimie Odoyo na wadogo zake wote, nisalimie shangazi Rispa, umwambie kitambaa chake nitakuja nacho. Nisalimie Ogada, kwa heshima yote ya shemeji. Wazee nao wasalimie, mmoja mmoja kwa majina yao. Mungu wa wajane na wa wakandika kuta akulinde, goti likunjuke, na mvua inyeshe shambani, isinyeshe vitandani mwetu.

Wako akupendaye, mwenye nyumba na mwenye koti,

Philister, nyar Kadem